Mfongo Uliosingiziwa

Masika iliyopita ukuta wa chumba changu cha kulala ulianza kulowa, huku chini, kiasi cha goti kutoka sakafuni. Nikaita fundi. Akaja kijana mmoja msafi, mwenye heshima zake, akachuchumaa, akagusa ukuta, akanusa kidole, kisha akaniambia kwa uhakika wa daktari, "Mama, haya ni maji ya ardhini. Tuchimbe mtaro nyuma ya nyumba, tumwage kokoto, utasahau." Nikamwambia alete ngazi. Akaniuliza ngazi ya nini wakati maji yako chini. Nikamwambia tena, alete ngazi apande darini, aangalie pale bati la kibaraza linapokutana na ukuta. Mimi ni mbishi, wanaonifahamu wanalijua hilo, na mara nyingi nabisha kwa ubishi tu. Lakini siku ile haukuwa ubishi. Sauti ilinikatika katikati ya maneno, nikaingia jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Wewe na mimi tumefahamiana siku nyingi, sina haja ya kukuficha. Nilikuwa namlilia bibi yangu, na ukuta wake, na mwanamke mmoja aliyekuwa akiishi juu yetu mlimani. Kaa kidogo nikusimulie.

Nililelewa na mama yake baba, Kibosho, kwenye kihamba cha migomba na kahawa. Wazazi wangu walikuwa watumishi wa serikali, leo wamehamishiwa Singida, kesho Lindi, wakaona heri mtoto atulie kwa bibi yake asome shule moja. Nilitulia kwelikweli. Ukiniuliza utoto wangu ulikuwa na sauti gani, nitakwambia sauti ya maji ya mfongo. Kama hukukulia kwetu, mfongo ni mfereji ambao mababu waliuchimba kwa mikono kutoka mtoni, kule juu karibu na msitu, wakaushusha kwa hesabu zao wenyewe, kihamba hadi kihamba. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Siku ya zamu yetu Bibi aliamka mapema, akaondoa kwa jembe kile kizibo cha udongo na magome ya migomba, maji yakaingia shambani yakisukuma majani makavu mbele yake. Mimi nilikimbia pembeni pasipo viatu, miguu ikifa ganzi kwa baridi, nikipiga kelele kwamba yamefika, yamefika, kana kwamba kuna aliyekuwa na wasiwasi hayatafika.

Kazi zilikuwa nyingi na sikuzipenda hata moja wakati ule. Kukata majani ya ng'ombe. Kutoa samadi. Kuchuma kahawa hadi kucha zinageuka nyeusi, kisha kuimenya kwa mashine ya mkono iliyokwaruza masikio, kisha kukaa na harufu yake ikichacha ndani ya pipa. Jioni kulikuwa na kiburu, ndizi na maharage vimepondwa pamoja ndani ya chungu, na Jumapili baada ya misa kulikuwa na mtori wenye mfupa. Bibi alikula taratibu na aliniambia kila siku, "Kula polepole, chakula hakina mguu." Nimekula haraka maisha yangu yote, lakini sauti yake bado naisikia nikishika kijiko.

Juu yetu kulikuwa na kihamba cha jirani yetu. Sisi watoto tulimwita Bibi wa Juu, kwa sababu alikuwa rika moja na Bibi na kwake kulikuwa juu, basi. Mfongo ulitoka kwake, ukapita ukingoni nyuma ya nyumba yetu, ndipo ukateremka kwa wengine. Yeye na Bibi waliletwa pale wakiwa maharusi mwaka mmoja, walizaa kwa kupokezana, na walifiwa na waume zao miaka inayokaribiana. Kati yao kulikuwa na desturi ambayo sikuiona kwa watu wengine. Aliyepika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kata ya kwanza haikunywewa nyumbani kwake. Ilipelekwa kwa mwenzake, aionje, aitukane, ndipo wengine wanywe.

"Mbege gani hii?" Bibi angepaza sauti kuelekea juu, akiwa amekwisha kuimaliza. "Umetupikia uji!"

"Basi irudishe!"

"Irudi vipi na imeshafika tumboni?"

Walicheka, kila mmoja upande wake wa ukingo, hawaonani kwa sababu ya migomba. Na mimi nilikuwa na zangu. Bibi wa Juu alikuwa akiweka parachichi juu ya gome la mgomba, analiachia lielee mfongoni, halafu ananiita jina. Kazi yangu ilikuwa kulidaka kabla halijapita kwenda kwa majirani wa chini. Nililikosa mara nyingi tu, na kila nilipolikosa alituma jingine.

Sasa ndipo aingie baba mdogo. Huyu alikuwa kitinda mimba wa Bibi. Aliondoka kwenda Dar es Salaam na begi moja, na zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa, zikamkuta tayari ameshajua Kariakoo ilivyo. Akauza vipuri vya magari, mambo yakamnyookea. Nawe unatujua sisi watu wa mlimani, mtu akifanikiwa hafanikiwi mpaka kwao waone. Krismasi kila aliyeko mbali anarudi, na kila anayerudi anaangaliwa, na baada ya yeye kuangaliwa inaangaliwa nyumba anamolala mama yake. Bibi alilala katika nyumba ya mawe aliyoijenga Babu kwa fedha za kahawa, nyumba ndogo, imara, yenye moshi. Baba mdogo hakuweza kuivumilia tena.

Bati wakati huo lilikuwa limejaa madukani Moshi mjini, jipya, linang'aa, lile ambalo zamani ulilipata kwa kibali na kwa kujuana. Akanunua. Akaleta tofali, saruji, silingi bodi, na fundi wa mjini ambaye tuliambiwa amejenga nyumba za wakubwa. Vyumba viwili vipya viliunganishwa na nyumba ya zamani, na huo ukuta wa mawe wa Babu, ambao ulikuwa mrefu, ukawa ukuta mmojawapo wa chumba kipya cha Bibi. Ukapigwa lipu ukawa laini, ukapakwa rangi. Paa jipya likaja likaegemea pale kwenye mawe.

Nieleze hapo kidogo, maana hapo ndipo penyewe. Paa likikutana na ukuta ulio mrefu kuliko lenyewe, lazima pawekwe kipande cha bati kilichokunjwa. Upande mmoja kinalala juu ya paa, na upande wa pili kinachimbiwa ndani ya ukuta, ili mvua inayoteremka ukutani idondokee juu ya bati isipite nyuma yake. Kuchimba mawe kunataka tindo, nyundo na uvumilivu. Na Krismasi ilikuwa imefika mlangoni. Kwetu nyumba haimaliziki mwezi wa pili au wa saba, inamalizika kabla ya wageni kutoka Dar, hata kama ni ya kumaliziwa kwa kamba. Fundi alikikunja kile kipande, akakiegemeza kwenye mawe, akakipaka saruji juu yake kwa mwiko, akashuka kwenda kunywa soda. Kutoka chini palionekana pazuri. Padre akaja akabariki. Bibi wa Juu alileta kata ya kwanza, akazunguka chumba kizima akishika kuta, akasema, "Mwenzangu, sasa utakuwa unanikaribisha kwa barua."

Masika ya kwanza haikusema kitu. Ya pili, nyuma ya sanduku la Bibi, chini kabisa, lipu ikapata doa. Likapanuka. Rangi ikavimba ikawa na malengelenge, ukiyabonyeza yanatoa maji. Dari lilikuwa jeupe kama gauni la komunyo ya kwanza, hakuna tone lililodondoka, kwa hiyo hakuna aliyeinua macho. Wote tuliangalia chini. Na chini, nyuma ya ukuta ule, hatua chache ukingoni, kulikuwa na mfongo.

Sijui ni nani aliyesema kwanza. Nadhani hakuna aliyesema kwanza, ilikuwa kila anayeingia anagusa ukuta, anageuza shingo kuelekea nyuma, anatikisa kichwa. "Mfongo unakula nyumba." Lisemwalo lipo. Tena kulikuwa na sababu za kuamini, kwa sababu mwaka ule mwana wa Bibi wa Juu, mkubwa, aliyebaki nyumbani kulinda kihamba, alikuwa ameusafisha mfongo akauchimba zaidi kidogo. Hasira zinanipanda hata leo nikifikiria. Wakati wa kiangazi, mfongo ulipojaa zamu baada ya zamu, ukuta ulikuwa mkavu. Masika, mfongo ulipokuwa umefungwa kule mtoni kwa sababu hakuna anayemwagilia mvua ikinyesha, ukuta ulilia. Mtoto wa darasa la tatu angeweza kuuliza. Lakini watu wazima walikuwa na jibu kabla ya swali. Walisema ardhi imekunywa kiangazi chote, masika inatapika. Walilisema vizuri sana.

Bibi mwenyewe alimtetea mwenzake muda mrefu. Alisema ukuta ni ukuta, utakauka. Alilisogeza sanduku ili wageni wasione doa, na kila Desemba alipaka rangi upya kabla watoto wake hawajafika. Doa likawa linazaliwa masika na kuzikwa Krismasi, na baba mdogo, ambaye alikuja Desemba tu, alikuta nyumba inanukia rangi mbichi akafurahi.

Mpaka ile Krismasi aliyokuja na mchumba. Baada ya chakula alimwambia dada yule wa watu, "Njoo nikuonyeshe baba." Tulikuwa na picha moja tu ya Babu. Alipigwa studio mjini, amevaa koti na kofia, mkono mmoja juu ya kiti. Bibi aliitunza chini kabisa ya sanduku, pamoja na vitenge vyake vya harusi na vyeti vya ubatizo. Baba mdogo akafungua sanduku. Harufu iliyotoka humo ilitufanya sote turudi nyuma. Vitenge vilikuwa vimeshikana, vinachanika kwa kuguswa. Picha ilikuwa imekuwa ukungu wa kijani, na palipokuwa na uso wa Babu hapakuwa na kitu. Kofia ilibaki, na ule mkono juu ya kiti.

Bibi aliipokea ile karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena, kama labda uso umehamia upande wa pili. Hakulia. Alitoka nje nayo, akapanda ukingo, na baba mdogo akamfuata, na sisi wote nyuma. Bibi wa Juu alikuwa mfongoni anaosha masufuria ya sikukuu. Watu walikuwa wengi njiani, ni sikukuu, wamevaa vizuri. Bibi alisimama ng'ambo ya maji akamwonyesha ile picha.

"Mume wangu nilimzika mara moja," alisema. "Wewe na maji yako mmemzika mara ya pili."

Nilikuwa nimesimama karibu. Nilimwona Bibi wa Juu akifungua mdomo, akaangalia ile karatasi, akaufunga. Angeweza kusema mengi, alikuwa na ulimi mkali kuliko wa Bibi. Baba mdogo ndiye aliyesema, na aliyoyasema kwa mama yule aliyempakata utotoni sitayarudia hapa.

Mwezi wa kwanza wazee wa mfongo walikaa. Waliamua tawi lile lizibwe kule juu, kabla ya kufika kwa Bibi wa Juu, ili nyumba ya mjane isianguke. Sisi na majirani wa chini tulipewa zamu kwenye tawi jingine lisilofika juu, na mjane mwenzake akabaki hana maji. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na bustani ya kabichi na karoti alizouza sokoni. Kiangazi kile tulimwona akipita njiani na ndoo kichwani, anatoka mtoni, na umri ule. Bibi aliposikia hatua zake alikuwa akiingia ndani. Mimi nilikatazwa kwenda juu. Nyuma ya nyumba pakawa kimya, na usiniambie kimya hakisikiki, kile nilikisikia kila asubuhi nikiamka.

Kisha ikaja Kwaresima. Ilikuwa Ijumaa, tumetoka Njia ya Msalaba, Bibi anachambua maharage barazani. Nikamwona Bibi wa Juu anateremka na mwanawe nyuma yake, na mkononi ameshika jani la isale.

Kwetu isale si mmea wa mapambo. Unapandwa mipakani na makaburini, na mtu aliyekukosea akija kwako na jani lake mkononi, hata kama amekuulia, huwezi kukataa kumsikiliza wala huwezi kukataa kumsamehe. Ukikataa, kosa linahamia kwako. Bibi alisimama, maharage yakamwagika. Mwenzake alipiga goti, kwa shida kwa sababu ya magoti yake, akamnyooshea lile jani kwa mikono miwili.

"Nimekuja kuomba msamaha kwa maji yangu," alisema. "Yamekuharibia nyumba, yamekuharibia picha ya baba wa watoto. Nisamehe, mwenzangu."

Bibi akalipokea. Akamwinua, wakakumbatiana, machozi yakawatoka, nami nikalia bila kujua nalia nini. Tukanywa maziwa. Ilikuwa Kwaresima, hapakuwa na mbege. Kuanzia siku hiyo waliamkiana, walikaa pamoja kwenye sala za jumuiya, walipelekeana chumvi. Lakini mimi niliona. Bibi alikuwa anazungumza naye kwa upole ule wa mtu aliyesamehe, ule upole unaokaa kidogo juu ya mwenzake. Hakumtukana tena hata siku moja. Na Bibi wa Juu aliendelea kubeba maji kutoka mtoni, maana wazee hawakuufungua mfongo, wala Bibi hakuwaomba waufungue.

Masika ile ukuta ukalowa vilevile. Wakasema ardhi bado ina akiba. Masika iliyofuata ukalowa zaidi, na ile akiba watu wakaanza kuisema kwa sauti ndogo. Siku moja nilimkuta Bibi amesimama ameuwekea ukuta kiganja, mvua inanyesha nje. Nilimwita akanijibu kwamba anakuja, lakini hakuja.

Baridi ya mwezi wa saba ilimchukua Bibi wa Juu. Alipata homa ya mapafu, akapelekwa hospitali ya misheni, akarudishwa kwa maziko. Bibi alimkalia matanga tangu mwanzo hadi mwisho, akapika, akaosha vyombo, akawa wa mwisho kuondoka.

Desemba ile baba mdogo alikuja na mkewe. Wakiwa wanakunywa chai, kona moja ya dari kwenye chumba cha Bibi ikainama. Bibi aliisukuma kwa mpini wa ufagio, mpini ukapita kama unachoma uji, likadondoka tope jeusi na vipande vya silingi bodi juu ya kitanda. Baba mdogo alileta ngazi mwenyewe. Ilikuwa nyumba yake, hakutaka mtu mwingine apande. Alibandua ubao wa kwanza, wa pili, akaingiza kichwa. Tukamsikia anasema, "Yesu na Maria."

Alishuka ameshika kipande cha mbao ya paa. Alikibana kwa vidole kikawa unga. Kile kipande cha bati kilikuwa kimeachana na mawe, saruji yote ilikuwa imepasuka ikaondoka, na palikuwa na mwanya unaoweza kupitisha mkono. Maji yaliingia hapo, yakateremka juu ya mawe ya Babu, nyuma ya lipu, kimya, hayakugusa dari mpaka mbao za paa zilipooza, yakaenda kutokea chini kabisa, nyuma ya sanduku. Baba mdogo alitoka nje, akakaa kwenye nyasi na suruali yake ya Dar, akaangalia mikono yake.

Bibi aliuliza, "Kwa hiyo yalitoka juu ya paa?"

"Juu ya paa, mama."

"Siku zote?"

"Siku zote. Tangu mwanzo."

Baba mdogo akaanza kusema maneno ya kumtuliza, kwamba walishapatana, kwamba mwenzake alileta isale mwenyewe ikaisha, kwamba aliyelala hahitaji tena msamaha. Bibi alimkatisha. "Nilipokea isale ya mtu asiye na kosa," alisema. "Yeye hahitaji. Mimi nahitaji."

Asubuhi iliyofuata alijifunga kitenge cha kanisani, akakata jani la isale mpakani, akanishika mkono tukapanda. Sikuwa nimefika huko tangu nilipokatazwa. Bustani ya kabichi ilikuwa imekuwa magugu. Mwana wa Bibi wa Juu alikuwa anamkatia ng'ombe majani. Alipoliona lile jani aliweka panga chini, akajifuta mikono, akatuletea vigoda. Bibi hakukaa. Alipiga goti mbele yake, mbele ya kijana aliyemwona siku anazaliwa, akamweleza yote, kuhusu paa, na saruji, na mwanya, na mawe. Alisema hana mtu mwingine wa kumwambia.

Yule kaka alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwinua, akamkalisha, akakaa naye.

"Mama alijua," akasema.

Bibi akamwangalia.

"Siku wazee walipoziba mfongo, mama alinituma nichimbe pale ukingoni, upande wa kwenu. Nikachimba hadi kiunoni. Udongo ulikuwa mkavu, bibi, vumbi tupu, na maji yalikuwa yamepita hapo siku iliyotangulia. Nikamwambia twende kwa wazee tukawaonyeshe. Akakataa. Akaniambia nifukie."

"Kwa nini?"

"Nilimgombeza, nilimwuliza hivyohivyo. Akasema, nikienda na udongo huu nitamshinda mwenzangu mbele za watu. Halafu nitarudi hapa na ushindi wangu nikae nao peke yangu. Mimi ni mzee, akasema, namtaka mtu wa kuongea naye. Akakata isale."

Migomba ilikuwa inapiga kelele ya upepo. Bibi aliweka mikono magotini. Yule kaka alilichukua lile jani kutoka mapajani mwa Bibi. "Hili nimelipokea, isale haikataliwi. Lakini la mama usilihangaikie. Alikwisha kukusamehe kabla hajateremka kuja kwako."

Nilidhani maneno yale yatampoza. Yalimvunja. Nafikiri angefukuzwa pale angerudi nyumbani amesimama wima. Tuliteremka akishika kila mgomba tunaoupita, na mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akilia kwa sauti, hata kwenye picha ya mumewe, alilia mpaka watu wakatoka nje wakidhani tumefiwa. Alikuwa akisema neno moja tu kwa Kichagga, akimwita mwenzake.

Jumapili ile alisimama kwenye jumuiya akasema yote tena, bila kumtaja mwanawe wala fundi, akijitaja yeye. Wazee wakakubali mfongo ufunguliwe. Haukufunguka. Vijana wa kuchimba walikuwa wameshakwenda mjini, banio la kuchepushia maji mtoni lilikuwa limebomolewa na mafuriko, na njia ya maji imepandwa migomba na watu wasiotaka kuing'oa. Kahawa nayo ilikuwa imeanguka bei, nani angehangaika? Siku hizi maji ni ya bomba, na ankara inakuja kila mwezi. Watoto wa pale hawajui hata jina la mfongo. Paa lenyewe, fundi wa parokia alilitengeneza kwa asubuhi moja. Alichimba mawe, akaingiza bati jipya, akashuka kabla ya chakula cha mchana. Bibi aliishi miaka kadhaa katika chumba kikavu, na mvua ikinyesha alikuwa anatoka kwenda kukaa jikoni.

Nimekwambia mimi ni mbishi. Nimeshinda mabishano mengi, na dada zangu, na majirani, na yule niliyeolewa naye, na mara nyingi haki ilikuwa yangu kabisa, hata leo ningeithibitisha. Huyu fundi kijana naye alipanda, akakuta bati limeachana na ukuta kama nilivyosema, akanipa heshima yangu. Nikamlipa, akaenda, nikafunga mlango. Nikakaa kwenye kochi nikajaribu kumfikiria mtu mmoja tu, kati ya wote niliowashinda, ambaye ningempandia mlima na jani mkononi huku nikijua kwamba sina kosa. Nilikaa mpaka giza likaingia, ndugu yangu, na sikumpata.